Uti wa mgongo ukiumia, neva huota tena? Maswali na majibu

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa zaidi ya watu milioni 15 duniani wanaishi na jeraha la uti wa mgongo, yaani fungu la neva linalopita ndani ya mifupa ya mgongo na kupitisha ujumbe kati ya ubongo na mwili. Wengi waliumia kwa kuanguka, kwa ajali za barabarani au kwa kushambuliwa. Yafuatayo ni maswali ambayo wagonjwa na ndugu zao huuliza mara nyingi.

Neva ya mkono ikikatika huweza kuota tena. Kwa nini ya uti wa mgongo haioti?

Nyuzi za neva ya mkono, zinazoitwa aksoni, huota polepole, kama milimita moja kwa siku, kwa sababu seli za Schwann zinazozizunguka husafisha mabaki na kuzionyesha njia. Ndani ya uti wa mgongo hakuna msaada huo. Mayelini, ile ala ya mafuta inayozifunika aksoni kama mpira unavyofunika waya wa umeme, huko hutengenezwa na seli za aina nyingine, na ikiharibika huacha protini zinazozuia aksoni zisiote. Kisha kovu hujengeka kuzunguka jeraha. Kovu hilo lina faida, maana hulizuia jeraha lisisambae, ila lina molekuli zinazozisimamisha aksoni zinapolikaribia. Juu ya hayo, seli za neva za mtu mzima zenyewe zimekwisha kupoteza sehemu kubwa ya uwezo wa kukua zilizokuwa nao kabla ya kuzaliwa.

Kwa hiyo haiwezekani kabisa?

Kwa miongo mingi wanasayansi waliamini hivyo. Mwaka 1981, mjini Montreal, Kanada, Samuel David na Albert Aguayo walichukua vipande vya neva ya mguu wa panya na kuvipandikiza viunganishe sehemu ya chini ya ubongo na uti wa mgongo. Aksoni ziliota ndani ya vipande hivyo kwa sentimita kadhaa. Ila zilipofika mwisho na kutaka kuingia tena kwenye uti, zilikwama. Hapo ndipo ilipojulikana kwamba uwezo wa kuota upo, na kwamba mazingira ya uti wa mgongo ndiyo kizuizi kikubwa.

Tangu hapo watafiti wamekuwa wakiviondoa vizuizi kimoja kimoja. Mjini Zürich, Uswisi, Martin Schwab na wenzake waligundua protini ya mayelini iliyopewa jina Nogo, wakatengeneza kingamwili, yaani protini inayoshika kitu kimoja mahususi, ya kuizima. Mwaka 2002 watafiti wa London walitumia kimeng'enya, protini inayovunjavunja vitu vingine, kuyeyusha molekuli za kovu kwa panya, na baadhi ya miendo yao ikarudi. Utafiti ninaouona kuwa na funzo kubwa kuliko yote ni wa mwaka 2023, uliofanywa kwa panya na kundi lenye makao yake Uswisi: aksoni zilipooteshwa zikavuka jeraha bila mwelekeo, panya hawakutembea, zilipoongozwa hadi kwenye seli zilezile zilizokuwa zimeunganishwa nazo kabla ya kuumia, walitembea. Kuota peke yake hakutoshi. Ni lazima aksoni ifike mahali pake.

Dawa hizo zimejaribiwa kwa binadamu?

Kingamwili ya Nogo imejaribiwa huko Ulaya kwa zaidi ya watu 100 waliokuwa wameumia uti wa mgongo sehemu ya shingo muda mfupi kabla, kwa kuchomwa sindano kwenye maji yanayozunguka uti wa mgongo. Matokeo yalichapishwa mwishoni mwa mwaka 2024. Kwa kundi zima, hapakuonekana tofauti ya kutosha na waliopewa sindano isiyo na dawa. Kwa wale ambao jeraha lao halikuwa kamili, yaani ujumbe kiasi bado ulipita, kulikuwa na dalili za nafuu, na hao ndio wanaolengwa na utafiti unaofuata. Hadi leo hakuna dawa iliyothibitishwa kuotesha upya uti wa mgongo wa binadamu.

Mbona basi kuna watu wanaopata nafuu?

Kwa sababu kupata nafuu na neva kuota upya ni mambo mawili tofauti. Uti wa mgongo mara chache hukatika vipande viwili; mara nyingi huwa umepondeka au kubanwa na pingili iliyovunjika, na nyuzi kadhaa hubaki nzima. Uvimbe ukipungua, zilizonyamaza huanza kupitisha ujumbe tena. Zilizosalia nazo hutoa vitawi vifupi, na ubongo hujifunza kupitia njia za pembeni.

Ndiyo maana daktari hupima kwa makini sana: pamba na pini kuanzia shingoni hadi vidoleni, kisha kidole kwenye njia ya haja kubwa ili kuona kama mgonjwa anahisi na kama anaweza kukaza msuli. Wengi huona aibu kwa kipimo hiki cha mwisho, lakini hicho ndicho kinachoamua kama jeraha litaitwa kamili au la. Anayehisi hapo, hata kama miguu haisogei, ana matumaini makubwa zaidi. Nafuu kubwa huja katika miezi 6 hadi 9 ya kwanza, na inaweza kuendelea polepole baadaye.

Na umeme unaosaidia watu kusimama?

Huo ni wa kweli, na ndiyo hatua iliyofika mbali zaidi. Mwaka 2011 timu ya Louisville, Marekani, ilieleza jinsi mtu aliyepooza miguu alivyosimama baada ya kuwekewa kifaa cha umeme juu ya uti wa mgongo. Mwaka 2023 timu ya Lausanne, Uswisi, iliunganisha ubongo wa mwanamume Mholanzi na uti wake kwa kompyuta. Akatembea, na baadaye aliweza kupiga hatua kwa magongo hata kifaa kikiwa kimezimwa. Katika utafiti wa mwaka 2024, watu 60 waliopooza mikono na miguu walipewa umeme kupitia ngozi ya shingo pamoja na mazoezi, na asilimia 72 waliongeza nguvu na matumizi ya mikono. Desemba mwaka huohuo Marekani iliruhusu kifaa hicho kitumike. Umeme hauoteshi neva zilizokatika, huziamsha zilizobaki. Na bila mazoezi haufiki mbali.

Tufanye nini wakati huu?

Linda mwili usiharibike. Aliyelala kitandani ageuzwe takribani kila saa 2, na ngozi ya matako, visigino na mgongo wa chini ikaguliwe kila siku, kwa sababu kidonda cha mgandamizo huanza kama doa tu. Kibofu kitolewe mkojo kwa ratiba, na viungo vinyooshwe visikakamae.

Aliyeumia uti usawa wa kifua cha juu au wa shingo, yeye na watu wa nyumbani wajue hatari hii: maumivu makali ya kichwa ya ghafla, uso kuiva, jasho kwenye sehemu za mwili zilizo juu ya usawa wa jeraha. Hizo ni dalili kwamba presha imepanda vibaya. Mkalishe wima, legeza nguo, angalia mpira wa mkojo kama umejikunja au kuziba, kisha wahi hospitali, kwa maana inaweza kuua.

Tumeambiwa kuna kliniki inayotibu kwa seli shina, ila ni ghali. Tulipe?

Msilipe. Seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine, bado zinachunguzwa, na wapo watu waliotoka kwenye kliniki za namna hiyo na uvimbe mpya ulioota ndani ya uti wa mgongo. Majaribio ya kweli huandikishwa hadharani, huidhinishwa na kamati ya maadili, na kwa kawaida hayamtozi mgonjwa gharama ya tiba inayojaribiwa. Ombeni namba ya usajili wa jaribio na mumwonyeshe daktari wenu kabla ya kutia saini chochote.