Kumjua Muuaji Mapema Si Kosa la Kitabu

Nimelisikia tena juzi, na safari hii sitalinyamazia. Msomaji mmoja, mtu wa heshima zake na msomaji kwelikweli, kanirudishia riwaya niliyompa asome, na kauli ni ile ile: "Haina kitu hii. Muuaji nilimjua mapema." Nikamuuliza kaisoma kwa muda gani. Kaianza baada ya Isha, na adhana ya Alfajiri ikamkuta kwenye sura ya mwisho. Yaani kitabu kisicho na kitu kimemkesha mtu mzima usiku kucha, lakini kwa kuwa alimkisia mtu sahihi, hukumu imeshapita.

Mimi kazi yangu ni kuhariri miswada ya riwaya za upelelezi hapa Mombasa. Lalamiko hili nalisikia barazani, nalisikia dukani, hata harusini nimewahi kulisikia. Ningeliacha lipite kama maoni mengine, ila sasa linawaingia waandishi, na linaharibu miswada.

Mtu akiniambia alimjua muuaji, mimi namuuliza swali moja: ulimjuaje? Hapo wengi husita. Yuko aliyejua kwa sababu mshukiwa alimwambia askari mkono wake wa kulia umeteguka, kisha kurasa kadhaa mbele akautumia mkono huo huo kufungua komeo lililoshika kutu. Huyo kasoma. Kaona jambo, kaliweka akilini, likaja likamfaa. Hana haki ya kulalamika hata kidogo, maana kapewa alichoahidiwa na kakipata.

Halafu yuko aliyejua kwa sababu "yule mjomba mpole hana kazi nyingine humu kitabuni." Huyu hakufuata tukio lolote, kamsoma mwandishi. Kaona mjane ana shughuli yake, anayedai urithi ana yake, askari ana yake, ila mjomba huingia tu, akawamiminia wageni kahawa, akatoka. Kwa nini mwandishi anamlisha mtu asiyemfanyia kazi? Basi ndiye. Lalamiko la msomaji huyu nalipokea kwa mikono miwili. Ni kosa la ufundi, la mwandishi na la mhariri wake. Mjomba apewe maisha: awe na deni, awe na mgonjwa wa kuuguza, awe na kesi ya kiwanja. Lakini hapo kosa liko kwenye njia iliyomfichua. Kujulikana kwake si kosa, na tofauti hiyo watu hawataki kuisikia kabisa. Wote wawili wanasema "nilimjua", na kitabu kizuri kinachapwa kiboko kile kile kinachostahili kitabu kibovu.

Riwaya ya fumbo inasimama juu ya makubaliano: anachokiona mpelelezi, msomaji naye akione. Mwaka 1929 Ronald Knox, padri wa Kikatoliki wa Uingereza aliyeandika riwaya za aina hii, alitoa masharti kumi. Mojawapo ni kwamba mhalifu atajwe mapema katika hadithi. Jingine, mpelelezi asifiche kidokezo alichokiokota. Mwaka 1930 ikaundwa Detection Club, chama cha waandishi wa riwaya za upelelezi, huko London, Agatha Christie na Dorothy L. Sayers wakiwemo, na wanachama wakawa wanakula kiapo cha kutomficha msomaji kidokezo cha maana. Sasa hebu tufikiri pamoja. Vidokezo vyote vikiwa mezani, na wasomaji wakiwa maelfu, lazima wapo watakaojua. Huwezi kudai uchezewe kwa haki kisha ukasirike kwamba umeshinda. Riwaya ambayo hakuna hata mtu mmoja aliyemng'amua muuaji ndiyo ninayoishuku mimi. Naifungua kutafuta ni wapi mwandishi ameficha alichokuwa na wajibu wa kukionyesha.

Christie mwenyewe, alipotoa The Murder of Roger Ackroyd mwaka 1926, walitokea waliolalamika kwamba wamefanyiwa hila. Sitasema kwa nini, kuna ambao bado hawajaisoma. Aliyeisoma na airudie taratibu. Kila kitu kipo pale, mbele ya macho.

Halafu kuna riwaya ambazo hazikukuomba umtafute muuaji. R. Austin Freeman alishafanya hivyo mwaka 1912 katika The Singing Bone: unamwona mhalifu akitenda, kisha unamfuata mpelelezi uone atafikaje. Keigo Higashino wa Japani, katika The Devotion of Suspect X ya 2005, anakuonyesha mauaji mwanzoni kabisa, na bado mwisho unakupiga. Oyinkan Braithwaite, katika My Sister, the Serial Killer ya 2018, anakupeleka Lagos ukiwa unajua tangu kurasa za kwanza kwamba Ayoola ameua na kwamba dada yake, Korede, ndiye anayemsafishia damu. Linalokukalisha ni Korede: atavumilia mpaka wapi? Mtu akikwambia "huyu nilimjua mapema" kuhusu kitabu kile, kakosea mlango. Kwetu pia ni vivyo hivyo. Ukimshika Willy Gamba, yule jasusi wa riwaya za Elvis Musiba, hukai kukisia adui ni nani, unataka kuona Willy atatokaje. Na Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, iliyoshinda shindano la East African Literature Bureau na kuchapishwa mwaka 1960, najua watu wazima wanaoirudia ilhali jawabu wanalo tangu shuleni. Wanamrudia mpelelezi Bwana Msa na kiko chake, na namna anavyomwacha rafiki yake Najum nyuma katika mazungumzo kisha akamgeukia kwa upole.

  

Nina shaka zangu, nami sitazificha. Mwaka 2011 Jonathan Leavitt na Nicholas Christenfeld wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, waliwapa watu hadithi fupi, zikiwemo za mafumbo, wengine wakitobolewa mwisho kabla ya kuanza. Waliotobolewa wakasema, kwa wastani, wamezifurahia zaidi. Ningependa kuutumia utafiti huo kama rungu, lakini siwezi. Baadaye watafiti wengine walipata kinyume chake. Tena hadithi fupi si riwaya ya kurasa mia tatu, na kutobolewa na mtu si sawa na kujua mwenyewe katikati ya safari. Upo ubaridi unaomshika msomaji pale anapokuwa na hakika na bado zimebaki kurasa mia. Naujua ubaridi huo. Ukimshika, mara nyingi ni kwa sababu kitabu hakikuwa na kingine cha kumpa: wahusika ni vivuli, mji hauna harufu, na siri ndiyo nguzo pekee. Lakini si kila mara, na zile zinazobaki sina maelezo yake.

Ninachokijua kwa hakika ni madhara yake. Nina mswada mezani sasa hivi. Shahidi anamweleza mpelelezi kwamba usiku wa mauaji, saa nne, alikuwa ameketi kwenye ngazi za ufuoni Mji wa Kale, hapa Mombasa, miguu yake majini, akipunga upepo. Ulikuwa usiku wa mwezi mpevu. Basi. Mwandishi hasemi zaidi, mpelelezi anaandika, hadithi inakwenda. Msomaji wetu wa majaribio aliyezaliwa na kukulia Nairobi alipita pale bila kugeuka. Mwingine, mvuvi wa Likoni, aliifunga karatasi: "Huyu muongo." Kwa nini? Kwa sababu mwezi mpevu ni bamvua, siku ambazo bahari hujaa sana na kupwa sana, na bamvua hapa kwetu maji hujaa kiasi cha saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, hupwa kiasi cha saa nne asubuhi na saa nne usiku. Tofauti ya kujaa na kupwa siku hizo inapita mita tatu. Saa nne ile ngazi iko kavu, na chini yake ni mchanga na mawe. Miguu ingelowa nini?

Mimi nilisimama kwa furaha. Kidokezo kama hicho hakipatikani kwa kutafuta; kinatoka kwa mtu anayeijua pwani yake. Mwandishi yeye alishika kichwa. Mvuvi kamjua muuaji sura ya sita! Akataka aifute sentensi ile, mahali pake aweke shahidi wa pili atakayetokea ghafla sura ya mwisho kutoka Mtwara, mtu ambaye hatujawahi kumsikia. Ndicho ninachokisema: kwa kuogopa "nilimjua mapema", mwandishi yuko tayari kung'oa kitu cha kweli na kupanda cha uongo. Na huyo wa Mtwara angeshangiliwa, maana hakuna ambaye angemkisia.

Nilimkatalia. Tatizo la mswada lilikuwa upande wa pili: yule msomaji wa Nairobi alidhulumiwa. Hakupewa habari za bamvua mahali popote, na kidokezo kinachosomeka na wenyeji tu hakijakamilika. Kwa hiyo tumemwongezea mpelelezi shangazi. Sura ya pili, mwezi mwandamo, saa nne asubuhi, bibi huyo anatoka ufuoni Likoni na kijiti chake cha kuchokolea pweza, pwani imekauka hadi mwambani. Wanateta bei ya pweza, na katikati ya mateto anasema: "Mwezi mwandamo na mwezi mpevu ni ndugu. Saa nne ya mchana, saa nne ya usiku, bahari haiko nyumbani." Papo hapo simu ya mpelelezi inalia: maiti imeonekana. Msomaji anaikimbilia maiti, na maneno ya shangazi yanabaki nyuma yakimngoja. Kidokezo hukaa vizuri kabla tu ya jambo linalovuta jicho.

Je, ni wazi mno sasa? Sijui. Hakuna kipimo cha jambo hili zaidi ya kumpa mtu mwingine asome na kumwangalia. Nimempa mwalimu mmoja wa Kakamega ambaye, kwa maneno yake, bahari kaiona akiwa ndani ya basi. Akimkamata yule shahidi kwa ngazi kavu, mswada utakwenda kwa mpiga chapa kama ulivyo. Asipomkamata, nitamwomba mwandishi amrudishe shangazi mara moja zaidi kabla ya sura ya sita, hata kama mvuvi wa Likoni atamjua muuaji sura ya tano.