Kutafuta mtindo wa nyumba yako mtandaoni: dhana zinazotuponza

Nashona mapazia na kupanga sebule za watu hapa Dar es Salaam, na mteja wa siku hizi haji na maneno, anakuja na simu. "Dada, nataka kama hii." Picha ni nzuri kweli. Nikifika kwake nakuta dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani, watoto watatu na vumbi la barabarani. Mtandao unasaidia sana mtu kujua anapenda nini, nami nautumia kila siku. Ila kuna mambo tumeyaamini, na yanatula fedha.

Dhana: Picha uliyoipenda kuliko zote ndiyo mtindo wako

Huenda kilichokuvuta ni jua la asubuhi kwenye pazia, wala si kochi. Mtindo wa mtu hujulikana kwa kinachojirudia.

Mama mmoja wa Tabata alikuwa na picha zaidi ya 100 kwenye simu yake. Aliniambia yeye ni mtu wa kijivu na dhahabu, maana ndizo sebule alizoona zinasifiwa. Tulikaa chini tukazipitia moja moja. Yeye anataja kitu kimoja tu anachokipenda katika kila picha, mimi naandika. Tulipofika picha ya 30, dhahabu ilikuwa imetajwa mara 2. Mbao ambazo mistari yake inaonekana, mara 11. Vikapu na vitu vya kusukwa, mara 9. Viti vifupi vilivyo karibu na sakafu, mara kadhaa. Na muda wote huo tulikuwa tumekalia mkeka wa ukindu alioletewa na mama yake kutoka Pemba. Aliupapasa ukingo wake, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe ninao."

Basi ukihifadhi picha, andika kando yake neno moja la sababu. Sababu ndizo za kuhesabu.

Dhana: Ukuta mweupe na vitu vichache ni mtindo wa Ulaya, wa kwetu ni rangi nyingi

Hili nalisikia kila wiki na linaniuma. Tafuta picha za nyumba za kale za Lamu, mji ulioingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001; zipo tele. Utaona kuta nene za mawe ya matumbawe zilizopakwa chokaa nyeupe. Vyumba ni virefu na vyembamba, kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari. Ukutani kuna safu za vidaka, ambavyo wenyewe huviita zidaka, palipopangwa vyombo vya kaure. Pembeni kitanda cha kuchongwa, kiti kimoja cha enzi, mkeka. Basi. Anayependa utulivu wa namna hiyo hana haja ya kujiona anaiga wageni.

Weupe wenyewe haufanyi kazi ile ile kila mahali. Stockholm, kule Sweden, mwezi Desemba urefu wa mchana hauzidi sana saa 6, kwa hiyo ukuta mweupe na mbao nyeupe husaidia kusambaza mwanga mdogo uliopo. Dar urefu wa mchana ni takriban saa 12 mwaka mzima. Shida yetu ni mng'ao na joto, ndiyo maana nyumba za Lamu ziliuzungushia weupe kivuli: ua wa ndani, kuta nene, madirisha machache. Ukichukua weupe ukaacha kivuli, utakaa umekunja uso kuanzia saa nne asubuhi.

Halafu kuna taa. Soma boksi la balbu: 6500K ni mwanga mweupe wa kubuluu, 3000K ni wa manjano. Rangi ya maziwa iliyokupendeza kwenye picha, chini ya 6500K itaonekana kama imefifia. Paka kipande cha nusu mita ukutani, ukiangalie asubuhi, mchana na usiku taa ikiwaka, kabla hujanunua ndoo nzima.

Dhana: Kinacholetwa na simu ndiyo ladha yako

Hapana. Ulisimama mara mbili kwenye makochi ya mahameli, programu ikaamua uletewe mahameli mwezi mzima, na jicho likizoea kitu hukidhani limekipenda. Toka humo makusudi: tafuta "mkeka", "mninga", "baraza". Kaa wiki moja bila kuhifadhi chochote, kisha uone ni picha zipi bado unazikumbuka.

Dhana: Fundi akiiona picha atatoa kitu kile kile

Picha haina vipimo. Nyingi hupigwa kwa lenzi pana inayokifanya chumba kionekane kikubwa, na nyingine hata si chumba cha kweli. Kampuni ya samani ya Ikea, kwa mfano, walianza kuingiza picha zilizotengenezwa kwa kompyuta katika katalogi yao mwaka 2006.

Hili nililipia. Nilipeleka picha kwa seremala Keko, kochi la umbo la L, mbao za mkongo, kazi safi. Sikumpa kipimo cha mlango. Kochi lilikuja kipande kimoja, mlango sentimita 80, likalala barazani siku nne kabla ya kurudishwa likatwe katikati na kuungwa kwa bolti. Mteja alivumilia, lakini aliyekosea ni mimi.

Siku hizi natangulia na futi kamba. Napima mlango, korido na kona ya ngazi. Kisha nachora umbo la kochi sakafuni kwa chaki, ukubwa wake kamili, na wenye nyumba wanapita pembeni yake siku mbili wakiwa na ndoo za maji, watoto na sinia za chakula. Mara nyingi wenyewe wanafuta mstari mmoja na kuusogeza ndani. Tukishakubaliana na chaki, ndipo picha inakwenda kwa seremala, vipimo vimeandikwa juu yake.