Je, wajua Bunge la Marekani lilivyompinga rais wake ili kuwabana makaburu?

Mapema Oktoba 1986, Pik Botha, waziri wa mambo ya nje wa Afrika Kusini, aliwatafuta kwa simu maseneta wa Marekani wanaotoka majimbo ya wakulima. Aliwaonya kwamba vikwazo dhidi ya nchi yake vikipita, Afrika Kusini itaacha kununua nafaka ya Marekani. Seneta Richard Lugar, mwenyekiti wa Kamati ya Mambo ya Nje ya Seneti, aliposikia alikasirika na kusema hadharani kwamba hivyo ni vitisho na hongo. Tarehe 2 Oktoba kura zikapigwa: 78 zikakubali vikwazo, 21 zikakataa.

Aliyeshindwa siku ile hakuwa Botha peke yake. Rais Ronald Reagan alikuwa ameukataa mswada huo wa vikwazo kwa kura ya turufu tarehe 26 Septemba. Lugar alikuwa mwanachama wa Republican, chama cha Reagan mwenyewe, na chama hicho ndicho kilichokuwa na viti vingi katika Seneti. Hata hivyo maseneta wake 31 waliungana na wapinzani wao kumpinga rais. Iliwezekanaje?

Bunge halina jeshi wala balozi. Anayezungumza na mataifa ya nje ni serikali. Ndiyo maana mabunge mengi, yanapoguswa na mateso ya watu wa nchi nyingine, huishia kupitisha azimio la kulaani. Uingereza ya wakati huo ni mfano. Serikali hutokana na chama chenye wabunge wengi, kwa hiyo Waziri Mkuu Margaret Thatcher, aliyepinga vikwazo vikali, alikuwa na wingi wa kumlinda bungeni. Marekani mambo yamepangwa tofauti. Sheria za biashara na fedha hutungwa na Kongresi, yaani bunge lenye Seneti na Baraza la Wawakilishi, na rais akizikataa, mabaraza yote mawili yakipata thuluthi mbili, sheria inapita bila saini yake. Nguvu hiyo imeandikwa kwenye katiba. Kazi ngumu ni kuipata hiyo thuluthi mbili.

Kwa Afrika Kusini ilichukua miaka 14. Ron Dellums, mbunge mweusi kutoka California, aliwasilisha mswada wake wa kwanza mwaka 1972. Haukufika popote. Akaurudisha tena na tena, miaka ikapita. Reagan alipoingia madarakani mwaka 1981, serikali yake ikachagua kuzungumza na makaburu kwa upole, ikiamini kwamba urafiki utawabadilisha. Wakati huo huo wazazi wa Soweto walikuwa bado wanawalilia watoto waliopigwa risasi mwaka 1976, na Nelson Mandela alikuwa gerezani tangu 1962.

Mambo yaligeuka kuanzia barabarani. Tarehe 21 Novemba 1984, wanaharakati Randall Robinson na Mary Frances Berry, pamoja na mbunge Walter Fauntroy, waliingia ubalozi wa Afrika Kusini mjini Washington na kukataa kutoka. Polisi wakawakamata. Siku zilizofuata wakaja wengine, na wengine tena. Maandamano nje ya ubalozi yaliendelea kwa zaidi ya mwaka mzima, na watu waliokamatwa walifikia maelfu, wakiwemo wabunge na mwanamuziki Stevie Wonder. Desemba hiyo hiyo Askofu Desmond Tutu, aliyekuwa ametunukiwa Nobeli ya Amani, alifika mbele ya kamati ndogo ya Afrika ya Kongresi na kusema kwamba sera ya Reagan haina maadili, ni ovu, na si ya Kikristo hata kidogo. Vyuo vikuu na majimbo vikaanza kuondoa fedha zao kwenye kampuni zilizokuwa zikifanya biashara na Afrika Kusini. Mbunge aliyerudi nyumbani kuomba kura alikutana na swali hilo hilo kanisani kwake.

Reagan aliliona wimbi linakuja. Septemba 1985 alitangaza vikwazo vyepesi kwa amri yake mwenyewe, akitumaini Kongresi itaridhika. Kisha tarehe 12 Juni 1986 serikali ya P. W. Botha, rais wa Afrika Kusini (si Pik), ikatangaza hali ya hatari nchi nzima na kuwatia ndani maelfu ya watu. Siku sita baadaye Baraza la Wawakilishi likaupitisha mswada wa Dellums, uliotaka kampuni za Marekani ziondoke kabisa Afrika Kusini. Ulipita kwa kura ya sauti. Wapinzani hawakudai kura zihesabiwe, kwani walidhani mswada mkali namna ile utajifia wenyewe kwenye Seneti. Haukufa. Seneti, chini ya Lugar, iliandika toleo laini zaidi, na hilo ndilo lililokuja kuwa sheria.

Sheria yenyewe inastahili kusomwa taratibu. Ilipiga marufuku uwekezaji mpya na mikopo kwa serikali ya makaburu. Ilizuia makaa ya mawe, urani, chuma, nguo na mazao ya kilimo kutoka Afrika Kusini kuingia Marekani, na ikaziondolea ndege za shirika la nchi hiyo haki ya kutua. Lakini ninachokiheshimu zaidi ni sehemu ya masharti: Mandela na wafungwa wa kisiasa waachiwe, hali ya hatari iondolewe, vyama viruhusiwe, sheria za kuwagawa watu kwa rangi na makazi zifutwe, mazungumzo yaanze na viongozi wa kweli wa weusi walio wengi. Rais angeweza kuviondoa vikwazo endapo wafungwa wangeachiwa na angalau masharti matatu kati ya manne mengine yakatimizwa. Hakupewa nafasi ya kuamua tu kwamba hali imekuwa nzuri. George Bush mkubwa aliviondoa Julai 1991, zaidi ya mwaka mmoja baada ya Mandela kutoka gerezani.

Wapo waliosema vikwazo vitamuumiza mtu mweusi kabla ya kaburu. Si watu wabaya tu waliosema hivyo. Helen Suzman, mbunge aliyewapigania wafungwa kwa miaka mingi ndani ya bunge la weupe watupu, alivipinga. Hoja yake ni nzito, maana mchimba migodi aliyepoteza kazi alipata njaa ya kweli. Lakini Tutu na ANC waliviomba, na waliokuwa wakiishi chini ya mateso yale ndio wenye haki ya kuamua gharama wanayoweza kuibeba. Wala wazo lenyewe halikuzaliwa Washington. Tarehe 26 Juni 1959, kampeni ya kususia bidhaa za Afrika Kusini ilipozinduliwa London, mmoja wa wazungumzaji alikuwa Julius Nyerere, wakati Tanganyika yenyewe bado haijapata uhuru.

Oktoba hiyo hiyo ya 1986, General Motors na IBM zilitangaza kuondoka Afrika Kusini. Sheria peke yake haikuuangusha ubaguzi wa rangi. Vijana wa vitongoji, vyama vya wafanyakazi, vita vya Angola na mabenki yaliyokataa kuendelea kukopesha tangu 1985, vyote vilisukuma. Lakini makaburu walipoteza rafiki waliyemtegemea kuliko wote.

Silaha za mabunge zimebadilika tangu hapo. Bunge la Ulaya hutoa maazimio mengi yasiyo na nguvu ya kisheria, kama lile la Septemba 2022 kuhusu bomba la mafuta la Uganda na Tanzania. Meno yake yapo kwenye mikataba: mwaka 2021 liligoma kuujadili mkataba wa uwekezaji na China, baada ya China kuwawekea vikwazo baadhi ya wabunge wake kwa sababu ya kuwatetea Wauyghur, jamii ya Waislamu wa China. Kongresi nayo imehama kutoka kuadhibu nchi hadi kuadhibu mtu mmoja mmoja, kwa sheria yenye jina la Sergei Magnitsky, Mrusi aliyefia rumande Moscow mwaka 2009 baada ya kufichua ufisadi. Sheria hiyo ilipanuliwa mwaka 2016 kuihusu dunia nzima, na mwaka 2019 ikamfikia Jenerali Kale Kayihura, mkuu wa zamani wa polisi wa Uganda, aliyetuhumiwa kwa mateso yaliyofanywa na kikosi kilichokuwa chini yake.

Faida ni kwamba mchuuzi wa sokoni haguswi. Tatizo ni kwamba orodha ya majina imeachwa mikononi mwa rais. Dan Gertler, mfanyabiashara aliyewekewa vikwazo Desemba 2017 kwa tuhuma za mikataba michafu ya madini ya Kongo, alipewa kibali cha kumlegezea vikwazo hivyo kimyakimya Januari 2021, siku chache kabla ya Donald Trump kuondoka madarakani. Wanaharakati wa Kongo walipiga kelele, na Machi serikali ya Joe Biden ikakifuta. Hakuna kura ya bunge iliyopigwa, kukitoa wala kukifuta.