Deraya za The Elder Scrolls: tunayoambiana, na zilivyo

Mtu akianza kucheza Skyrim, mojawapo ya gemu za kompyuta za mfululizo wa The Elder Scrolls, ushauri wa kwanza anaopewa ni uleule: tafuta deraya nzito, ukifika Daedric, aina mojawapo ya nzito, hakuna wa kukugusa. Nami niliusadiki. Nikabeba lichuma lile, nikaongeza panga za majambazi, mpaka mtu wangu akawa anajikokota kama mgonjwa.

Hesabu ya gemu inasema mengine. Skyrim, iliyotoka 2011, ina kikomo: deraya haipunguzi zaidi ya asilimia 80 ya pigo la silaha. Kila alama ya ulinzi inapunguza asilimia 0.12, na kila kipande ulichovaa kinaleta asilimia 3 ambazo skrini haikuonyeshi. Vaa vipande vinne bila ngao, tayari una 12. Hizo 68 zilizobaki zinataka alama 567. Zinazozidi hapo ni pambo tu. Sasa linganisha: dirii (kipande cha kifuani) ya Daedric ina alama 49 na uzito 50. Ile ya magamba ya joka, ambayo inahesabiwa nyepesi, ina alama 41 na uzito 10. Mhunzi aliyeiva akiziboresha zote mbili, zinagota kwenye kikomo kilekile, ila wa magamba bado ana nafasi ya kubeba nyara. Kweli, deraya nzito ina ujuzi unaofuta uzito wa ulichovaa, lakini huupati kabla kiwango chako cha deraya nzito hakijafika 70.

Na moto wa mchawi? Alama hizo hazimzuii hata kidogo.

Jina linalotupoteza sisi hasa ni Ebony, aina nyingine ya deraya. Mswahili akilisikia anawaza mpingo, na vinyago vya Wamakonde. Kumbe ndani ya gemu ni madini meusi, unayachimba kwa sururu kwenye migodi kama Gloombound. Glass nayo si kioo cha dirisha. Inafuliwa kwa malakiti na madini mengine yaitwayo moonstone, na dirii yake ina uzito 7 tu. Malakiti ya kweli, yale mawe ya kijani ya Katanga, ni laini, kisu kinayakwaruza. Usiende nayo vitani.

Wapo pia wanaodhani kila toleo jipya limeongeza vipande vya kuvaa. Ni kinyume. Morrowind ya 2002 ilikupa kila bega na kipande chake, kila mkono na glavu yake, na nguo chini ya chuma. Oblivion ya 2006 ikaondoa mabega na daraja zima la deraya za kati. Skyrim ikaunganisha dirii na suruali ya chuma. Mimi nayakumbuka mabega yale. Nilivaa moja la mfupa na jingine la chuma, nikafanana na jalala linalotembea, na nilijipenda.

Mwisho ni chapeo yenye pembe, ile ya kwenye matangazo ya Skyrim. Watu huiita ya Waviking, ingawa chapeo yao maarufu, iliyofukuliwa Gjermundbu, Norwei, mwaka 1943, haina pembe. Sura hiyo ilienezwa na mavazi ya opera ya Wagner, mtunzi wa muziki wa Ujerumani, kule Bayreuth, 1876. Kwenye gemu yenyewe ni ya chuma cha kawaida, alama 15, miongoni mwa dhaifu kabisa katika nzito. Thamani yake ni septim 60, yaani sarafu za humo gemuni, na wengi wetu tuliiuza mapema.