Kliniki ya meno sio daktari peke yake: tunayodhani na yalivyo kweli

Mgonjwa akitibiwa vizuri anamsifia dokta, akitibiwa vibaya anamlaumu dokta, na hata sisi tunaofanya kazi humo ndani wengi wetu tunaamini hivyohivyo, kwamba dokta ndo kliniki na wengine wote wapo kumzunguka tu. Imani hiyo inaumiza watu, tena inaumiza kweli, na inatokana na dhana chache ambazo ukizisikia haraka haraka zinaonekana za busara kabisa. Nimeona bora tuziseme wazi.

Dhana: msaidizi ni wa kushika sakshen (bomba la kunyonya mate), daktari mzuri anaweza kufanya kila kitu mwenyewe

Anaweza ndio, ila angalia kazi itakavyotoka. Chukua kuziba jino kwa ile dawa nyeupe, kompoziti. Ile inashika kwenye jino lililokaushwa, mate yakigusa sehemu iliyokwisha kupakwa gundi, hata kidogo tu, mshiko umeharibika, na siku hiyo hamna atakayeona kitu, mgonjwa analipa anaondoka anatabasamu, baada ya miezi kadhaa filingi imetoka au chini yake pameanza kuoza tena na anaenda kuwaambia majirani pale wanatumia dawa feki. Dawa haikuwa feki. Palihitajika mikono minne ikawepo miwili, mtu mmoja wa kuvuta shavu na ulimi, kunyonya mate na kukabidhi vifaa, na mwingine asiyetoa macho kwenye jino hata sekunde moja.

Au ile dawa ya kuzibia ya unga na kimiminika, glasi ionoma. Kuchanganya una kama nusu dakika hivi, na inatakiwa iingie kwenye jino ikiwa bado inang'aa, mng'ao ukishafifia ushachelewa. Kwahiyo msaidizi anatakiwa ajue daktari amefika hatua gani bila kuambiwa, akiwahi inagandia kwenye kibao, akichelewa tundu limeshajaa mate. Huo ni ujuzi jamani, tena unaokuja kwa watu wawili kuzoeana.

Alafu kuna uso wa mgonjwa. Daktari anaangalia eneo la milimita chache, haoni jasho linalotoka kwenye paji, haoni ngumi iliyokunjwa, haoni mtu anavyopauka baada ya sindano ya ganzi. Anayeona ni msaidizi, na akisema mapema mgonjwa analazwa chali miguu juu kabla hajazimia.

Na hii sio fasheni ya juzi. Mwaka 1885 kule New Orleans, Marekani, daktari wa meno C. Edmund Kells aliajiri mwanamke wa kumsaidia, na huyo mama alikuwa anasaidia kwenye kiti, anasafisha vifaa, anapanga miadi, anaandika hesabu na kupokea wageni. Yani kazi za watu wanne wa leo. Kwa sababu yake wanawake wakaanza kuja kutibiwa bila kusindikizwa, maana walijua ndani kuna mwanamke mwenzao. Tangu mwanzo kabisa msaidizi alikuwa sehemu ya sababu ya mgonjwa kukubali kukaa kwenye kiti.

Dhana: nidhamu ni kunyamaza, mdogo hamkosoi dokta mbele ya mgonjwa

Hii ndo kubwa kuliko zote na ndo inayonikera, kwasababu imevaa nguo ya heshima. Sisi tumelelewa na shikamoo, mkubwa hasahihishwi hadharani, na ni malezi mazuri tu, ila mbele ya koleo la kung'olea jino yanahitaji kupewa njia ya kupita.

Fikiria jinsi ilivyo rahisi kung'oa jino sio. Kulia kwa mgonjwa ni kushoto kwako unapomtazama. Meno tunayaita kwa namba, 36 ni gego la kwanza chini kushoto, 46 ni mwenzake wa kulia, tofauti ni tarakimu moja tu iliyoandikwa kwa mwandiko wa haraka. Eksirei ikiwekwa kinyume pande zote zimebadilishana. Mtu aliyeng'olewa gego la kwanza zamani, la pili likasogea mbele, ukihesabu kwa macho unalipa namba isiyo yake. Na wale wanaotakiwa kutolewa meno ili wafungwe nyaya, mara nyingi wanatolewa meno mazima kabisa, 14 na 24 labda, hamna tundu wala weusi wa kukuonyesha lipi, kinachokuongoza ni karatasi tu. Sasa hapo msaidizi aliyeshika faili anaona limeandikwa hivi na koleo linaenda kule, afanye nini, anyamaze kwa heshima?

Kuna ushahidi ambao sisi Watanzania tunapaswa kuujua vizuri kuliko wengi. Shirika la Afya Duniani lilipotengeneza orodha ya kukagua usalama kabla ya upasuaji, orodha hiyo ilijaribiwa kwenye hospitali za miji 8 duniani, London, Toronto, Seattle, Manila na kwingine, na mmoja kati ya hiyo minane ulikuwa Ifakara, hapa kwetu Morogoro. Matokeo yalitoka Januari 2009, vifo vya wagonjwa wa upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8 na matatizo makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Orodha yenyewe ni karatasi moja. Inawataka watu wote waliopo wajitambulishe kwa jina na kazi yake, wathibitishe kwa sauti mgonjwa ni nani, anafanyiwa nini na upande gani. Ule ulikuwa upasuaji mkubwa, sio meno, ila jambo ni lilelile, mtu aliyekwisha kutamka jina lake chumbani ni rahisi zaidi kufungua mdomo akiona kitu hakiko sawa.

Na wala haihitaji kumvunjia mtu heshima. "Dokta samahani, naomba tuthibitishe, faili linasema 36." Basi. Kazi ya daktari ni kusimama, kuangalia, na kusema asante mbele ya kila mtu, hata kama yeye ndo alikuwa sahihi, hasa akiwa sahihi, maana siku akimfokea yule binti kwa kuuliza, hataulizwa tena na mtu yeyote kliniki nzima.

Dhana: mapokezi ni kupokea simu na hela

Mtu anapiga anasema jino linamuuma tangu juzi, mapokezi anamwambia njoo Alhamisi saa nne. Sawa, ila angemuuliza maswali mawili tu, umevimba wapi, na unameza vizuri? Uvimbe ulioenea chini ya kidevu pande zote mbili, mdomo haufunguki vizuri, mate yanamshinda kumeza, sauti imebadilika, huyo hasubiri Alhamisi, huyo anatakiwa hospitali saa hiyohiyo kwasababu uvimbe wa namna hiyo unaweza kuziba njia ya hewa na kuua. Wa kwanza kuusikia ugonjwa huo ni dada wa mapokezi, sio daktari.

Yeye pia ndo anaambiwa yale ambayo mgonjwa hamwambii daktari. Akiwa anajaza kadi anasema tu kwa mazungumzo mama huwa anakunywa dawa za kuyeyusha damu, au mzee ana kisukari na leo hajala kitu toka asubuhi maana alidhani kung'oa jino ni mpaka tumbo liwe tupu. Taarifa hiyo ikifika kwenye kiti inabadilisha mpango mzima. Ikiishia kaunta, mgonjwa anatokwa damu jioni nyumbani au anaishiwa sukari akiwa na ganzi mdomoni.

Kuna jambo lingine huwa halisemwi. Kliniki ina seti chache za kung'olea, mapokezi anaita wagonjwa kila baada ya dakika 15 kwasababu hajawahi kuambiwa kwamba mashine ya kuchemshia vifaa, ikipanda joto, ikafanya kazi, ikakausha na vikapoa, inaweza kula karibu saa nzima. Matokeo yake anayeosha vifaa anasukumwa, "lete lete", na hapo ndo mtu anashawishika kutoa vifaa kabla ya wakati. Nyuzi joto 121 zinahitaji angalau dakika 15 baada ya kufika joto hilo, 134 zinahitaji 3, na hakuna foleni inayopunguza hizo dakika. Ile tepu inayobadilika rangi nayo inakwambia tu kifurushi kimepita kwenye joto, haithibitishi kwamba vijidudu vimekufa. Mwenye mamlaka ya kusema "bado" pale ni anayeosha, na ratiba ipangwe akiwepo.

Dhana: fundi wa meno bandia yuko nje, sio timu yetu

Impresheni ya aljineti, yaani alama ya meno iliyochukuliwa kinywani kwa unga uliokorogwa na maji, inapoteza maji na kusinyaa, ikikaa mezani mchana kutwa bila kufunikwa na kitu chenye unyevu halafu ndo bodaboda aipeleke maabara, meno yatakayorudi hayatakaa vizuri na kila upande utamlaumu mwenzake. Rangi nayo ichukuliwe kabla jino halijakauka, jino likikaa wazi bila mate linaonekana jeupe kuliko lilivyo. Fundi akipiga simu kuuliza, apokelewe kama mtu wa ndani.

Dhana: timu inajengwa kwa sherehe ya mwisho wa mwaka

Nyama choma sio mbaya. Ila dakika 10 za asubuhi kabla ya mgonjwa wa kwanza, wote mmesimama, nani anakuja leo, nani ana presha, kifaa gani kimeharibika, nani hayupo, zinafanya kazi zaidi.

Dhana: mhudumu wa usafi hahusiki na mambo ya tiba

Yeye ndo anakutana na sindano iliyoachwa kwenye trei au iliyofungwa na taka za kawaida, na mara nyingi ndo ambaye hajachanjwa. Chanjo ya homa ya ini B ni dozi tatu, ya kwanza, baada ya mwezi, na baada ya miezi sita, na inamhusu yeye sawa na dokta. Sefti boksi, lile boksi la kutupia sindano, ifungwe ikifika robo tatu, isisubiriwe ijae. Na aliyetumia sindano ndo aitupe mwenyewe palepale, sio kumwachia wa nyuma. Mhudumu akijichoma, dawa za kuzuia VVU zinatakiwa zianze haraka iwezekanavyo, ndani ya saa 72, anazinywa kwa siku 28, na hilo litawezekana tu kama anajua amwambie nani, na anajua akimwambia hatafokewa wala kukatwa mshahara.