Bomba la Kupandishia Maji ni Lipi?

Katika kikao cha mtaa hapa Moshi, mzee mmoja alisimama akalalamika kwamba bomba kuu linapita mbele ya geti lake, na linashuka kama maji ya mserereko, lakini bado hajaunganishiwa. Wajumbe wakampigia makofi. Bomba alilolisema ni la kupandishia.

Bomba la kupandishia hutoka kwenye pampu na, likiwa limejaa pomoni, hupeleka maji kwenye tenki lililo juu ya pampu hiyo. Katika bomba la mserereko, maji husukumwa na uzito wake yenyewe. Maana ni hiyo tu; tabu iko kwenye majina.

Neno bomba tulilipata kwa Wareno, na kwao ni pampu. Maana hiyo haijatutoka: mkulima wa kahawa wa Kibosho anayebeba bomba la dawa mgongoni amebeba pampu hasa, na bomba la sindano nalo husukuma. Kisha mrija ukarithi jina, na chombo chenyewe tukakitafutia jina jingine kwa Waingereza. Kwa asili yake, basi, bomba ni kitu kinachosukuma, na swali la kwanza lingepaswa kuwa ni nini kinachosukuma, wala si bomba limelala vipi.

Mserereko nao unapotosha, kwa kuwa kuserereka ni kuteleza kuelekea chini, kama watoto kwenye tope la masika. Ni kweli kwamba maji ya mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia wa Wachagga, hayapandi hata shubiri, kwani mfereji uko wazi. Lakini bomba la mserereko lililojaa laweza kushuka korongoni na kupanda ukingo wa pili, mradi halipiti kimo ambacho chanzo kinaweza kufikisha maji baada ya kutoa kinachopotea kwa msuguano. Vivyo hivyo la kupandishia laweza kuteremka bondeni, au mbele ya geti la mzee wetu, na likabaki la kupandishia.

Tofauti hii ndiyo inayoongoza usanifu. Tenki likiwa mita 60 juu ya pampu, na msuguano ukila mita 15, pampu itahitaji kimo cha mita 75, yaani mgandamizo wa karibu baa 7.4. Wapo wanaodhani pampu kubwa hufidia bomba jembamba. Kipenyo kikipunguzwa nusu kwa maji yaleyale, msuguano huongezeka takriban mara 32. Umeme nao ukikatika, wimbi la mgandamizo hukimbia bombani: katika bomba la chuma, maji yaliyokuwa yakienda mita 1 kwa sekunde yakisimama ghafla, mgandamizo hubadilika kwa karibu baa 10. Bomba lililopigwa chapa ya PN 10, yaani la kuhimili baa 10, halikuchaguliwa kwa ajili ya mshtuko huo juu ya mzigo wake wa kila siku.

Ukitoboa bomba la kupandishia ili kumuunganishia mteja, koki yake itapokea mgandamizo usiotulia pampu inapofanya kazi. Pampu ikizimwa, atakuwa anakunywa maji yaliyobaki bombani, na hewa itaingia.

Kwa hiyo, mzee wangu, siku nyingine uliza hivi: "La kupandishia nimeliona, je, la kusambazia kutoka kwenye tenki litapita wapi?"