Tausi jike hapati vifaranga kwa kunywa machozi
Huko India imani hii ni ya zamani: tausi dume hampandi jike, bali hulia, jike akanywa machozi na kutaga. Mwaka 2017 hata jaji wa Mahakama Kuu ya Rajasthan aliirudia mbele ya waandishi wa habari. Si kweli. Tausi hupandana kama kuku. Dume hutandaza manyoya yake marefu, yale yanayoota mgongoni na si mkiani, akayatikisa mpaka yanavuma. Jike akiridhika huchuchumaa, naye humpanda. Ni sekunde chache tu, ndiyo maana wengi hawajaliona tendo lenyewe. Kisha jike huatamia peke yake kwa siku 28 hivi. Mfugaji asiye na dume bandani ataokota mayai, lakini hayatatoa kifaranga.